Limfoma ya Burkitt ya mgongo

Limfoma ya Burkitt ya mgongo ni saratani ya chembe nyeupe za damu ambayo, kwa watoto hasa, hubana ugwe mgongo na kupoozesha miguu. Burkitt hujulikana zaidi kwa kuvimbisha taya, na umaarufu huo huwaponza watoto wanaoanza kuugua mgongoni: taya zima, miguu imelegea, mkojo hautoki, na wazo la kwanza huwa kifua kikuu cha mifupa.

Kinachotofautisha ni mwendo. Kifua kikuu hula pingili polepole, kwa wiki au miezi, na mara nyingi huacha kibiongo. Burkitt yaweza kumlaza mtoto ndani ya siku chache, kwani chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Tena uvimbe hukaa nje ya utando wa ugwe, hivyo eksirei huweza kuonyesha mifupa isiyo na kasoro. Hapo daktari hurudi kupapasa taya na tumbo, hupima figo na ovari kwa ultrasaundi, huvuta maji ya mgongo, na hukata kinyama penye uvimbe unaofikika. Dawa ya saiklofosfamaidi ikiwahi, mtoto aweza kutembea tena bila kupasuliwa mgongo.

Daktari Albert Cook, aliyefika Uganda mwaka 1897 na kuanzisha Hospitali ya Mengo, aliandika habari za wagonjwa wake kwa makini, wakiwamo watoto wenye uvimbe wa taya. Kumbukumbu za Mengo za 1897 hadi 1956 zilichambuliwa na J. N. P. Davies na wenzake, wakachapisha mwaka 1964. Wakati huo Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago alikwisha kuueleza ugonjwa huo, mwaka 1958. Vinyama alivyotuma London ndivyo vilivyowapa watafiti Epstein, Achong na Barr virusi viitwavyo Epstein-Barr, mwaka 1964.

Mwaka huohuo, huko Glasgow, William Jarrett na wenzake walieleza virusi vya leukemia ya paka. Virusi hivi havina udugu na vile vya Epstein-Barr, lakini paka naye hupata limfoma ya ugwe mgongo. Miguu ya nyuma hulegea, eksirei hukaa kimya, na jibu huweza kupatikana kwa sindano ya figo, ambako saratani hiyo huweza kujificha. Chanjo ya virusi vya paka ipo tangu miaka ya 1980. Ya Epstein-Barr bado.