Bert Williams na Uso wa Masizi

Tuzungumzapo juu ya sinema ya kuchekesha, jina litangulialo midomoni mwa watu wetu ni la Charlie Chaplin. Wazee wetu walimwona juu ya shuka jeupe lililotundikwa uwanjani usiku, wakamtambua kwa kofia na bakora yake, na watoto wakaiga mwendo wake. Lakini Chaplin alianza kusimama mbele ya kamera mwaka 1914. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko huko Marekani, alikwisha kusimama mtu mweusi aliyekuwa tayari bingwa wa vichekesho katika majukwaa makubwa ya New York. Mtu huyo ni Bert Williams. Twapenda kuieleza kazi yake hapa, na hasa ile sehemu yake iliyokaa gizani kwa miaka mia moja, kwa sababu ndani yake mna swali linalowahusu watu wote waliopata kutawaliwa: msanii afanye nini ikiwa mlango pekee aliofunguliwa ni ule wa kujidharaulisha?

Williams alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, mwaka 1874. Akiwa bado mtoto alihamia Marekani pamoja na wazazi wake, akakulia California. Mwaka 1893, mjini San Francisco, alikutana na kijana mwenziwe George Walker, mzaliwa wa Kansas, wakafanya shirika. Kwa wakati ule jukwaa la vichekesho la Marekani lilikuwa na desturi mbaya iliyokwisha kudumu zaidi ya miaka sitini. Wazungu walichoma kizibo cha chupa, wakajipaka masizi yake usoni, wakaacha midomo mipana, kisha wakajifanya kuwa ni watu weusi: wajinga, wavivu, wezi wa kuku. Watazamaji wakazoea hivyo hata mtu mweusi halisi alipopanda jukwaani naye hakuaminiwa kuwa mweusi mpaka ajipake.

Sasa Williams alikuwa mtu mrefu, wa rangi ya maji ya kunde, mpole wa maneno na mpenzi wa vitabu. Yale matamshi ya kubananga ambayo jukwaa lilimtaka ayaseme hakuyarithi kwa mama yake. Alijifunza kama mtu ajifunzavyo lugha ya kigeni. Akajipaka masizi. Yeye na Walker wakajitangaza kwa lile lile tusi walilotukanwa watu weusi, wakiongeza tu kwamba wao ndio wenyewe wa kweli. Hapa hatuwezi kumtetea kwa moyo mweupe. Wako wasemao kwamba alikuwa akiwacheka Wazungu chini chini. Huenda, lakini tusi lililobandikwa ukutani husomwa na wapita njia wote, na si wote wajuao kusoma kati ya mistari.

Hata hivyo lipo tukio moja la mwaka 1894 lililowageuza vijana hao mawazo. San Francisco palifanyika maonyesho makubwa, na miongoni mwa vivutio waliahidiwa watu wa Dahomey, nchi iitwayo leo Benin. Wageni hao walichelewa kufika. Wenye maonyesho, wasitake kupoteza viingilio, wakawaajiri vijana weusi wa pale pale wajifanye Wadahomey, na Williams na Walker walikuwamo. Wadahomey wenyewe walipowasili, hawa wawili walikwenda kuwatazama na kuwasikiliza. Walker aliandika baadaye kwamba tangu hapo walianza kufikiri juu ya michezo ambayo Afrika ingekuwa ndiyo asili yake.

Matunda yake yalionekana mwaka 1903, mchezo wa nyimbo uitwao ‘In Dahomey’ ulipoonyeshwa Broadway, ukiwa umeandikwa, umetungiwa muziki na kuchezwa na watu weusi. Muziki ulikuwa wa Will Marion Cook, na baadhi ya maneno ya nyimbo yalikuwa ya Paul Laurence Dunbar, malenga ambaye alikwisha kutunga shairi mashuhuri juu ya watu wavaao barakoa ili kuficha machozi. Mwaka huo huo mchezo ulivuka bahari hadi London, na tarehe 23 Juni ulichezwa katika kasri la Buckingham mbele ya Mfalme Edward wa Saba. Mwaka 1906 ukafuata ‘Abyssinia’, ambao ndani yake anatokea Menelik, mfalme aliyewashinda Wataliani kule Adowa miaka kumi iliyotangulia. Afrika ya michezo hiyo ilikuwa ya kubuni kwa sehemu kubwa. Lakini hebu msomaji apime: katika zama ambazo bara letu lilikuwa likigawanywa kama nyama ya mnada, mfalme wa Kiafrika alisimamishwa juu ya jukwaa la New York kama mfalme.

Walker alishikwa na maradhi mwaka 1909, akafariki mwaka 1911. Yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa biashara na mwenye ndimi kali katika kutetea haki za wasanii weusi. Williams akabaki peke yake, na mwaka 1910 akaingia katika maonyesho ya Ziegfeld Follies, ambayo wachezaji wake wote walikuwa Wazungu. Baadhi yao walitishia kugoma. Ziegfeld hakuwasikiliza, nao wakabaki. Williams alicheza humo, kwa vipindi, hadi mwaka 1919. Mwenziwe Eddie Cantor alisimulia jinsi Williams, baada ya kushangiliwa na ukumbi mzima, alivyorudi hotelini na kulazimika kupanda kwa lifti ya nyuma. Yeye mwenyewe aliandika katika gazeti mwaka 1918 kwamba hakupata kuona aibu yoyote katika kuwa mtu mweusi, ila katika Marekani aliona mara nyingi kuwa ni usumbufu.

Sisi ambao tumejaribu mkono katika mashairi twavutiwa zaidi na jambo jingine, nalo ni kipimo chake. Wimbo wake uliojulikana kuliko zote, ‘Nobody’, alioutunga pamoja na Alex Rogers na kuutia katika santuri mwaka 1906, ni malalamiko ya mtu ambaye hakuna hata mmoja aliyewahi kumtendea jema. Hauimbi kwa haraka; nusu anausema, nusu anauimba, na kabla ya kutua anakawia, anakawia tena, hata msikilizaji anakiona kituo kinakuja na bado hakijafika. Mshairi ajuaye thamani ya kituo atamtambua mara moja kuwa ni mwenzake. Kicheko kinatoka katika ule ukimya, wala hakitoki katika masizi.

Na sinema ya siku zile, isiyokuwa na sauti, ilimfaa mtu wa ukimya. Katika ‘A Natural Born Gambler’, filamu fupi aliyoifanya na kampuni ya Biograph mwaka 1916, Williams anafungwa jela kwa kucheza kamari. Akiwa peke yake anacheza karata na watu wasiokuwapo. Anagawa, anachungulia mkono wake, anamtazama mwenzake wa kuwazika kwa shaka, anatia dau, anashindwa. Hamna karata wala meza, nasi twaziona zote mbili. Mwaka huo huo alifanya nyingine iitwayo ‘Fish’, ambamo yeye, mtu wa miaka zaidi ya arobaini, anacheza kijana anayezungusha samaki wa kuuza, na samaki anazidi kuharibika.

Lakini kazi kubwa ilikuwa ile ya mwaka 1913. Biograph na matajiri wa majumba ya michezo, Klaw na Erlanger, walimkusanya Williams pamoja na wachezaji weusi wa majukwaa ya Harlem, wakapiga picha za hadithi ndefu ya chama cha starehe cha watu weusi: gwaride lao, siku yao ya michezo, na wanaume watatu wanaomtaka binti mmoja, anayechezwa na Odessa Warren Grey. Walioshika uongozi walikuwa Wazungu. Katika wachezaji wote Williams peke yake ndiye aliyejipaka masizi. Wengine wamebaki na nyuso zao, na nguo zao nadhifu. Imo dansi ya cakewalk, ambayo asili yake watumwa waliwaiga mabwana zao kwa maringo yao, nao mabwana wakawapa keki kwa zawadi wasijue kuwa wanachekwa.

Filamu hiyo haikuunganishwa wala kuonyeshwa. Iliachwa vipande vipande. Miaka miwili baadaye, 1915, Marekani nzima ilikuwa ikipanga foleni kutazama filamu ya Griffith, ‘The Birth of a Nation’, ambamo Wazungu waliojipaka weusi waliigiza majahili, na wauaji wa Ku Klux Klan wakafanywa mashujaa. Hivyo ndivyo mambo yalivyo pale mwenye kamera, mwenye mtaji na mwenye ghala wanapokuwa watu wale wale: wao ndio huamua ni picha ipi itakayoonekana na ipi italala.

Williams hakuiona kazi yake. Mwezi Februari 1922 alianguka jukwaani mjini Detroit, na yasemekana watazamaji walicheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alifariki New York tarehe 4 Machi, hajatimiza miaka arobaini na minane.

Makopo ya filamu yalichukuliwa mwaka 1939, pamoja na mamia mengine ya Biograph, na Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York. Sisi ambao umri wetu umeishia katika maofisi twalijua vema jalada lisilo na anwani: halipotei, bali halitafutwi. Watunzaji walipolishughulikia hatimaye, hapakuwa na jina wala hati ya mchezo, hata ikabidi wawaite wajuzi wa kusoma midomo ili kujua wachezaji walikuwa wakisemezana nini. Mwaka 2014 vipande vilionyeshwa kwa jina la ‘Lime Kiln Club Field Day’.

Humo mna bembea kubwa ya kuzunguka, yenye farasi wa mbao. Williams na Odessa Warren Grey wamepanda, wanazunguka, wanacheka, na wenzao nyuma yao wanacheka pia. Mwishoni anamsindikiza binti hadi nyumbani, wanasimama mlangoni, anambusu kwa upole. Kisha, kwa kuwa vipande havikupata kukatwa, wanafanya tena.