Ligombo na Chemirocha

Nimekulia Mbeya, mtaa wa Soweto, ambako sauti ya Jim Reeves asubuhi ya Jumapili haimshangazi mtu. Labda ndiyo maana nilipoanza utafiti wa shahada ya uzamili juu ya muziki wa zamani ulionaswa Nyanda za Juu Kusini, nilianza kwa kuvutwa na mwimbaji mwingine wa kantri: Jimmie Rodgers wa Mississippi, aliyefariki mwaka 1933.

Santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwanasa wasichana wa huko wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Kwa maelezo ya Tracey, nusu mtu, nusu swala. Wimbo huo umezunguka dunia.

Mwaka huohuo Tracey alifika pia Tanganyika. Kwa Wahehe wa Iringa alinasa ligombo: ubao uliochimbwa katikati, nyuzi zikipita juu yake, na mpigaji akiimba taratibu, karibu kama anaongea. Nimeusikiliza usiku mwingi. Hakuna mgeni ndani yake, na nadhani hapo ndipo ulipokosa bahati. Msikilizaji wa Marekani humpenda Chemirocha kwa sababu anajiona mle. Kwenye ligombo itambidi ajifunze Kihehe kwanza. (Hata mimi, Msafwa, nilihitaji mkalimani.)

Rekodi hizo ziko Makhanda, Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Mzee mmoja wa Kalenga, nilipomsikilizisha nakala kwenye simu, aliuliza kama mpigaji ameacha wajukuu. Naendelea kuwaulizia, kijiji kwa kijiji.