Ekari Kumi za Ndoto: Upweke, Wanawake na Vibarua katika Hadithi za Ranchi

Mwaka 1902 Owen Wister alichapisha The Virginian, riwaya iliyowapa Wamarekani sura ya mchunga ng'ombe ambayo sinema zingeila kwa miongo mingi: mwanamume wa maneno machache, juu ya farasi, katika nyika za Wyoming, asiyemtegemea mtu. Upweke wake umepambwa kama cheo. Humohumo shujaa anashiriki kumnyonga rafiki yake Steve kwa wizi wa ng'ombe, na mwandishi anatutaka tukubali kwamba ilipasa. Wister alikuwa na marafiki miongoni mwa matajiri wa mifugo, na kitabu chake kinawasemea wao. Mwishowe shujaa anamwoa mwalimu wa shule na kuwa mtu mwenye mali. Ni hadithi tamu, na imewadanganya wengi.

Mwaka huohuo, tarehe 27 Februari, John Steinbeck alizaliwa mjini Salinas, California. Ujanani alifanya kazi katika ranchi za kampuni ya sukari ya Spreckels, akila na kulala na vibarua. Alipokuja kuandika juu ya ranchi, aliianza hadithi kwa wale waliofika kwa miguu.

Tuutazame kwanza udongo wenyewe. California ilipokuwa chini ya Mexico, serikali iligawa ranchi kubwakubwa kwa watu wachache. Marekani ilipoitwaa mwaka 1848, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilihamia mikononi mwa wachache wengine bila kukatwa vipandevipande. Kwingineko magharibi, sheria ya mwaka 1862 ilimwahidi mlowezi ekari 160. Katika mabonde mazuri ya California nafasi ya mtu mdogo ilikuwa finyu. Ikaja ngano, vikaja viazisukari, ikaja saladi, yote mazao ya msimu. Tajiri alihitaji mikono mingi kwa majuma machache, kisha mikono hiyo iondoke. Mwanamume asiye na mke wala mtoto ndiye aliyefaa zaidi, maana angetosheka na kitanda cha bwenini. Yeyote anayekumbuka manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga atawatambua watu hawa mara moja.

Sheria nayo ilisaidia kuwatenga. Mwaka 1882 uhamiaji wa vibarua wa Kichina ulipigwa marufuku, na wengi waliokuwa wamekwisha kuingia walikuwa wanaume watupu. Mwaka 1913 California iliwazuia wahamiaji wa Asia kumiliki ardhi ya kilimo. Januari 1930, huko Watsonville, karibu na Salinas, makundi ya Wazungu yaliwavamia vibarua wa Kifilipino kwa siku kadhaa, chanzo kimojawapo kikiwa ni vijana hao kucheza dansi na wasichana wa Kizungu. Kijana Fermin Tobera aliuawa kwa risasi akiwa bwenini. Miaka mitatu baadaye jimbo likabadili sheria ili Wafilipino pia wasiweze kuoa wanawake wa Kizungu. Na sheria ya mwaka 1935 iliyowapa wafanyakazi wa Marekani haki ya vyama iliwaacha nje watu wa mashamba. Ninayataja haya kwa sababu wahakiki wengi huuzungumzia upweke wa ranchi kana kwamba umeletwa na upana wa mbuga. Uliletwa na watu, kwa makusudi, ukatiwa saini.

Of Mice and Men ya Steinbeck ilitoka mwaka 1937. Vibarua wawili, George na Lennie, wanafika katika ranchi iliyo karibu na mji wa Soledad. Bweni ni chumba kirefu chenye vitanda vinane, na juu ya kila kitanda limepigiliwa misumari sanduku la tufaha, uwazi wake ukitazama mbele, ili mtu aweke sabuni, dawa na wembe wake. Katika sanduku lake George anakuta kopo la dawa ya chawa lililoachwa na mtangulizi wake, na kabla ya kulala anakikagua kitanda na godoro. Mali yote ya mtu mzima inaenea katika sanduku la tufaha! Jioni George anapanga karata na kucheza peke yake, hata Lennie akiwa amekaa pembeni.

Mshahara ni dola 50 kwa mwezi. Kishamba wanachokiota, ekari kumi zenye nyumba ndogo, kuku na sungura, bei yake ni dola 600. Steinbeck anatupa hesabu hii waziwazi. Mzee Candy, mfagizi aliyekatika mkono katika ranchi hiyohiyo, alilipwa fidia ya dola 250. Ana akiba ya 50 na anatarajia 50 nyingine mwisho wa mwezi. Wakiunganisha na mishahara ya wenzake wawili zinafika 450, na George anaamini mwenye shamba atawakubalia. Ndoto inakuwa mwezi mmoja mbele yao. Sipajui mahali pengine katika fasihi ya wafanyakazi ambapo mkono uliokatika unageuka mtaji, na wasomaji tunajikuta tunaufurahia.

Ila mtu wa kumtazama kwa makini ni Crooks, mtunza farasi, Mweusi pekee pale, aliyepindwa mgongo kwa teke la farasi. Haruhusiwi bwenini. Analala katika chumba cha hatamu, na miongoni mwa vitu vyake kuna kitabu kilichochakaa cha sheria za California cha mwaka 1905. Anawacheka wenye ndoto, kwani ameona mamia ya wanaume wakipita na kishamba kichwani, na hakuna aliyekipata. Lakini Crooks huyo ndiye pekee aliyewahi kuishi katika ndoto hiyo: baba yake alikuwa na shamba la kuku, la kadiri ya ekari kumi, na utotoni alicheza na watoto wa Kizungu wa jirani. Wengi husoma ukurasa huo na kuupita. Kwangu mimi ndio moyo wa kitabu. Ekari kumi zilikuwepo, familia ya Weusi ilizilima, na mtoto wao leo anaomba kazi bila malipo katika shamba la kufikirika.

Anaomba kwa dakika chache tu. Jumamosi usiku, wazima wote wakiwa mjini kwa wanawake wa kulipwa, katika chumba cha hatamu wamebaki Mweusi, mzee na Lennie mwenye akili ya mtoto. Mke wa Curley, mtoto wa tajiri, anaingia akitafuta mtu wa kuzungumza naye. Ameolewa majuma mawili tu. Crooks anapothubutu kumwambia atoke, mwanamke huyo anamkumbusha kwamba neno lake moja lingetosha anyongwe mtini. Crooks anajikunja, na baadaye anamwambia Candy aisahau ile habari ya kujiunga nao. Aliyenyimwa kila kitu isipokuwa rangi yake anaitumia rangi hiyo dhidi ya mnyonge zaidi. Nani amlaumu, na nani amsamehe?

Mwanamke huyo hana jina katika kitabu. Wanaume wanamwita mtego. Ndoto yake ni sinema: mtu aliyekwenda naye dansini aliahidi kumwandikia kutoka Hollywood, barua haikufika, akaamini mama yake ameiiba, akaolewa na Curley kwa hasira. Kishamba cha akina George hakina nafasi kwa mwanamke, na nadhani hapo ndipo ndoto yao ilipokuwa na ufa kabla ya mtu yeyote kufa. Hadithi hiyo ilipogeuzwa mchezo na kuwa jukwaani Broadway, Steinbeck alimwandikia Claire Luce, aliyeigiza sehemu hiyo, barua ya kumwonea huruma msichana huyo, kwamba hajapata kuonwa na mwanamume yeyote kama binadamu. Natamani sehemu kubwa zaidi ya barua hiyo ingekuwa kitabuni. Sinema ya mwaka 1939 ndiyo iliyompa jina, Mae.

Katika hadithi fupi The Chrysanthemums, ya mwaka 1937 pia, Steinbeck alimsogelea mwanamke zaidi. Elisa Allen, miaka 35, ana mume mwema, nyumba safi na mikono inayootesha chochote. Mume anauza ng'ombe. Yeye anapanda maua. Fundi wa masufuria anapita na gari lake, anajifanya kuyasifu, na Elisa anampa miche ndani ya chungu kipya. Jioni anaiona miche imetupwa barabarani. Chungu kimechukuliwa.

Olive Schreiner alikwisha kuipita njia hii zaidi ya nusu karne kabla. Alikuwa mwalimu wa watoto katika nyumba za Makaburu wa Afrika Kusini, na mwaka 1883 alitoa The Story of an African Farm kwa jina la kiume, Ralph Iron. Katika shamba la kondoo na mbuni la Karoo, Waldo anachonga mfano wa mashine ya kukatia manyoya ya kondoo, na mwanamume mlaghai anaukanyaga mpaka unavunjika. Lyndall anataka elimu, anakataa ndoa, na anakufa kijana. Hoja zake juu ya wanawake bado zina makali. Lakini Waafrika wanaolichunga shamba hilo wanapita nyuma ya hadithi bila ndoto hata moja, na hilo ni kosa la kitabu ambalo uzuri wake haulifuti.

Pengo hilo, kwa upande wetu, lilizibwa na Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1964 kwa Weep Not, Child. Ngotho ni kibarua wa Bwana Howlands katika ardhi ya mababu zake mwenyewe. Howlands amefiwa na mwanawe vitani na hana kilichobaki ila shamba; mkewe Suzannah anaumaliza uchovu wake kwa kuwafukuza watumishi. Ngotho anangoja unabii kwamba ardhi itarudi. Wanaume wawili wanaupenda udongo uleule, kila mmoja akiwaza mrithi wake. Nyokabi, mke wa Ngotho, ndiye aliyeacha kuhesabu ekari: ukurasa wa kwanza tu anamwita mwanawe Njoroge na kumwuliza kama angependa kwenda shule.