Madaraja ya Chini

Mwanangu ana mchezo wa kompyuta wa kuendesha ligi ya besiboli. Mchezaji husajili timu, hupanga ratiba, na akitaka hubadili hata mpangilio wa ligi ndogo, yaani zile timu za chini ambamo vijana hulelewa kabla ya kupanda ligi kuu. Jumapili moja aliona msimu unakwenda polepole mno.

"Baba, tufute madaraja mawili ya chini," akasema.

Nikakubali. Mara kioo kikajaa orodha ya vijana wasio na timu. Majina yalibuniwa na mashine, lakini huzuni iliyonishika ilikuwa ya kweli.

Sababu yake naijua. Nilipohamia Marekani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia majukwaa ya uwanja wa timu ndogo ya mji wetu. Alikuwapo kijana mdakaji kutoka Jamhuri ya Dominika. Kiingereza chake na changu vilikuwa sawa kwa ubovu, basi tukisalimiana kwa kucheka. Ligi kuu hakuifikia. Lakini kwa misimu miwili watoto wa mji ule walilitaja jina lake kama la ndugu yao.

Ligi hizi zimetoka mbali. Mwaka 1901 viongozi wake walikutana Chicago wakaunda umoja, ili wajikinge na ligi kuu zilizokuwa zikiwanyang'anya wachezaji. Katika miaka ya 1920, Branch Rickey wa St. Louis Cardinals alianza kununua klabu ndogo, apate kuwakuza vijana mwenyewe badala ya kuwanunua wakiwa wameiva. Polepole timu za miji zikawa vitalu vya wakubwa. Hata hivyo zilipendwa. Jackie Robinson alicheza Montreal mwaka 1946, kabla ya kuingia Brooklyn mwaka 1947. Mwaka 1949 zilikuwapo ligi ndogo 59, na watazamaji karibu milioni 40. Kisha televisheni ikaileta ligi kuu sebuleni, na viwanja vingi vikafungwa.

Mwaka 2020 msimu mzima wa ligi ndogo ulifutwa kwa sababu ya korona, na mkataba wa zamani kati yao na ligi kuu ukaisha. Mwaka 2021 timu zilizo chini ya klabu za ligi kuu zikapunguzwa kutoka 160 hadi 120. Waliopunguza walikuwa na hoja: viwanja bora, safari fupi, gharama ndogo. Baadhi ya timu zilizoachwa zilipata ligi nyingine. Yetu haikupata.

Siwezi kuwalaumu sana. Nami nilipokaa mahali pao, mbele ya kompyuta, nilifuta madaraja mawili kwa sababu tu mwanangu alichoka kungoja. Ukiwa juu, hesabu huonekana, uwanja hauonekani.

Tuliyarudisha madaraja yale jioni ileile. Msimu wetu sasa unajikokota, na mwanangu analalamika. Namwambia angoje.