Meno ya Plastiki: Historia ya Desturi Inayowaumiza Watoto Wetu



Wazazi wenzetu, mtoto akifika miezi mitano au sita huanza kutokwa na udenda, kutafuna vidole na kulia usiku. Mara nyingine homa na kuhara hufuata. Hapo ndipo anapokuja jirani mwenye nia njema, akamfunua mtoto mdomo, akaona ufizi umevimba penye chonge, akasema: "Huyu ana meno ya plastiki. Mpelekeni akatolewe, la sivyo atawafia." Tumeona ni wajibu wetu kueleza historia ya maneno haya, kwani yamewaondoa watoto wengi duniani.

Majina mengi, jambo moja

Uganda wengi huyaita ebiino. Tanzania ni meno ya plastiki au meno ya nailoni. Wasomali husema ilko dacowo, yaani meno ya mbweha. Mganga huchukua spoki ya baiskeli, wembe au msumari, akapasua ufizi na kuchokoa kilichomo, bila ganzi. Kinachotoka ni cheupe na laini, mfano wa funza au kipande cha plastiki. Mama akionyeshwa, huamini. Kumbe ni chonge la mtoto ambalo halijakomaa, na ambalo Allah (s.w.) amelipangia kuchomoza katika miezi ya 16 hadi 20 hivi.

Habari zilivyoandikwa

Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Jens Jørgen Pindborg, aliandika juu ya desturi hii miongoni mwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Baadaye habari kama hizo zilitoka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Sudan. Mwaka 2000 madaktari wa meno Uingereza nao waliandika juu ya watoto wa Kisomali waliofanyiwa hivyo. Desturi imesafiri pamoja na familia.

Habari nzito zaidi zilitoka Gulu. Katika hospitali ya Lacor, kati ya 1992 na 1998, walilazwa watoto zaidi ya 700 kwa madhara ya ebiino, hasa vijidudu kuingia kwenye damu na upungufu wa damu. Karibu mmoja katika kila watano alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Si Afrika peke yake

Tusidhani huu ni ujinga wa Waafrika tu. Watu wa Babeli ya kale waliamini kuwa mdudu hukaa ndani ya jino. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard aliandika kitabu cha udaktari wa meno akaikataa imani hiyo, kwani alitafuta mdudu asimwone. Uingereza ya mwaka 1839 vifo vya maelfu ya watoto viliandikwa kuwa vimeletwa na kuota meno, na madaktari wenyewe walikuwa wakichana fizi za watoto kwa kisu. Waliacha walipojua kuwa kuhara na homa vina sababu nyingine.

Sababu hizo ndizo hizi zetu. Umri wa kuota meno ndio umri ambao kinga aliyoipata mtoto kwa mama yake inapungua, anaanza kula uji, anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Basi maradhi na meno huja wakati mmoja, na jino likabeba lawama isiyo yake.

Waislamu na utabibu

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia alichora vyombo vya kusafishia na kung'olea meno katika kitabu chake at-Tasrif. Humo aliwalaumu vinyozi wajinga wanaong'oa meno bila elimu. Na Mtume wetu (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kuwa mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara atakayoleta.

Tufanye nini?

Mtoto akihara, tumpe maji ya ORS, tuendelee kumnyonyesha na tumpeleke zahanati mapema. Homa inaweza kuwa malaria. Ufizi tuusafishe kwa kitambaa safi chenye unyevu, na jino la kwanza likitoka tuanze mswaki mdogo laini. Tusimlaze mtoto na chupa ya chai yenye sukari.

Aliyetolewa zamani naye asisahauliwe. Chombo cha mganga huweza kuharibu hata chipukizi la jino la ukubwani lililo chini yake, basi aonwe na daktari wa meno.

Mabibi zetu tuwaeleze kwa upole. Walitaka kuokoa uhai wa wajukuu wao, nasi tunataka hilo hilo. Allah atuhifadhie watoto wetu. Amin.