Uwanda Uliotulia: Tabora katika Historia ya Elimu ya Matetemeko

Kata ya Ipuli, iliyomo ndani ya Manispaa ya Tabora, imejengwa juu ya mojawapo ya vipande vikongwe kabisa vya bara la Afrika. Chini ya mchanga wa mashamba na udongo mweusi wa mbuga umelala mwamba wa matale na jamii zake, ambao sehemu yake kubwa ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na ambao wanajiolojia, yaani wataalamu wa miamba na historia ya dunia, huuita Kratoni ya Tanzania. Kratoni ni kiini cha kale cha bara, eneo ambalo mwamba wake ulikwisha kupoa na kukakamaa tangu zama za mbali mno, likabaki na mzizi mnene uliozama chini zaidi kuliko nchi zinazolizunguka. Mashariki ya kiini hicho Bonde la Ufa hupita Natron, Manyara na Eyasi. Magharibi yake mkono wa pili hufuata maziwa ya Albert, Kivu, Tanganyika na Rukwa. Na mikono hiyo hukaribiana tena upande wa Mbeya, kana kwamba ufa ulifika ukingoni mwa nchi ya Wanyamwezi, ukashindwa kuipasua, ukaamua kuizunguka. Kwa kuwa Tabora haitajwi miongoni mwa miji iliyobomolewa na matetemeko, ni rahisi kudhani kwamba haina nafasi katika historia ya elimu hiyo. Dhana hiyo inakosea, kwa sababu nchi iliyotulia katikati ndiyo inayoamua mahali ambapo nchi za pembeni zitapasuka, na wataalamu walihitaji zaidi ya miaka 100 ya kupima, kukosea na kupima upya kabla ya kulielewa jambo hilo.

Upimaji wenyewe ulianza kwa miguu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Ugogo ilifika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ambapo wasafiri wa karne ya 19 walipaita Kazeh, na hapo iligawanyika: tawi moja lilielekea Ujiji, jingine likapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kushuka pwani na vitambaa, shanga na nyaya kupanda bara walibeba pia masanduku ya vipimo vya wageni, na haifai kusahau kwamba kila tarakimu iliyopelekwa London kuhusu nchi hii ilipita mabegani mwao. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi 4 kutoka pwani, wakafika Ziwa Tanganyika Februari 1858. Na Julai mwaka huohuo Speke, akiongozana na Sidi Mubarak Bombay, aliondoka Kazeh kwenda kaskazini, akaliona ziwa kuu la Nyanza, yaani Viktoria ya leo, tarehe 3 Agosti.

Kimo cha nchi walikipima kwa kuchemsha maji. Maji huchemka kwa joto pungufu kadiri mtu anavyopanda juu, hivyo kipimajoto kilichotumbukizwa katika maji yanayochemka huweza kueleza urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, mradi kipimo chenyewe kiwe kizima. Kwa ziwa la kaskazini Speke alipata takriban mita 1,140, na vipimo vya leo vinasema mita 1,134. Kwa Tanganyika, ambako kipimajoto kilichobaki kilikuwa kibovu, ilipatikana takriban mita 560, ilhali kimo cha kweli kinakaribia mita 770. Kosa hilo la mita zaidi ya 200 lilichochea ugomvi wa Burton na Speke kuhusu chanzo cha Mto Nile, ingawa hata kwa kimo sahihi Tanganyika bado liko chini ya Nyanza. Kwa elimu ya ardhi, hata hivyo, kilichokuwa na uzito zaidi ni umbo lililoanza kuonekana kutokana na tarakimu hizo, yaani uwanda mpana wa Unyamwezi uliosimama kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na ziwa refu lililozama ghafla magharibi yake kama mtaro. Mwaka 1891 Eduard Suess, mwanajiolojia wa Vienna, aliunganisha habari za wasafiri na kueleza kwamba mitaro ya Afrika Mashariki ni sehemu za mpasuko mmoja mkubwa wa gamba la dunia, na mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory, aliyekwenda kuuona mwenyewe mwaka 1893, ndiye aliyeupa jina ambalo Kiswahili kimelitafsiri kuwa Bonde la Ufa.

Swali lililofuata lilihusu nguvu iliyofanya kazi hiyo: je, bara lilivutwa likapasuka, au lilibanwa likajikunja? Wajerumani Ernst Kohlschütter na Hans Glauning walizunguka koloni lao mnamo 1899 na 1900 wakiwa na pendulamu, yaani uzito unaoning'inizwa na kupimwa mwendo wake wa kwenda na kurudi, ambao hubadilika kidogo sana kufuatana na nguvu ya mvutano wa dunia mahali hapo, na mvutano huo nao hutegemea uzito wa miamba iliyo chini. Edward Bullard wa Cambridge alirudia kazi hiyo kwa vyombo bora zaidi katika miaka ya 1933 na 1934, akachapisha matokeo mwaka 1936. Aliona kwamba mvutano hupungua ndani ya Bonde la Ufa, akahitimisha kwamba sakafu ya bonde imekandamizwa chini na kingo zinazosukumana kutoka pande zote mbili, hitimisho ambalo lilipata wafuasi wengi na ambalo baadaye lilionekana si sahihi, kwa kuwa uchunguzi wa jinsi miamba inavyoteleza wakati wa matetemeko ulionyesha kwamba pande hizo zinaachana. Vipimo vya Bullard vilikuwa vizuri, na ni hesabu ya kuvifasiri iliyokuwa na majibu mengi kuliko moja. Tatizo hilo limeendelea kuwasumbua wajenzi wa modeli za kompyuta hadi leo.

Tukio lililopaswa kuyajibu maswali haya mapema lilitokea tarehe 13 Desemba 1910, wakati tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4 lilipopiga nchi iliyo kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, karibu kilomita 400 kusini-magharibi ya Tabora. Ukubwa, katika lugha ya wataalamu, hupima nguvu iliyotoka katika chanzo chenyewe, nao hautofautiani kati ya mji na mji. Kinachotofautiana ni ukali, yaani kiasi cha mtikisiko ambacho watu na majengo ya mahali fulani yalikipata. Hilo ndilo tetemeko kubwa kabisa lililopimwa katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki katika karne ya 20. Mawimbi yake yalihitaji kiasi cha dakika 1 tu kufika Tabora, umbali ambao msafara ungeutembea kwa wiki kadhaa, na baada ya muda si mrefu yalikwisha kuandikwa na mashine za Ulaya. Habari za kibinadamu zilikwenda polepole zaidi, kwa kuwa reli ya kati haikufika Tabora hadi mwaka 1912, na karibu na kitovu cha tetemeko waandishi wachache waliokuwapo walikuwa maofisa wa kikoloni na wamisionari wa vituo kama Karema, ngome ya zamani ya Wabelgiji iliyoingia mikononi mwa Mapadre Weupe mwaka 1885.

Karatasi hizo zililala kwa muda mrefu, na aliyeziamsha ni mhandisi, Nicholas Ambraseys, Mgiriki aliyefundisha elimu ya ujenzi wa kuhimili matetemeko katika chuo cha Imperial, London. Ambraseys alishikilia kwamba mhandisi anayetaka kujua nyumba itapambana na nguvu gani katika miaka 50 ijayo hana budi kwanza kuwa mwanahistoria, kwa sababu vipimatetemeko, yaani mashine zinazoandika mtikisiko wa ardhi, havina umri wa kutosha kuona tabia yote ya ufa ambao huenda ukakaa kimya kwa karne nyingi kati ya pigo moja na jingine. Yeye na Robin Adams walipitia upya matetemeko makubwa ya Afrika ya mwanzo wa karne ya 20 kwa kulinganisha barua, taarifa, magazeti na maandishi ya mashine za zamani, na mwaka 1991 Ambraseys alichapisha uchunguzi maalumu juu ya lile la Rukwa, ambamo ilidhihirika kwamba nyumba za mtindo wa Kizungu zilizokuwa kati ya maziwa hayo mawili ziliharibika vibaya. Uhodari wa kazi hiyo ni kuyaruhusu maandishi yaliyoandikwa kwa shughuli nyingine kabisa yatoe ushahidi wa kihesabu. Ila ushahidi huo una pengo linaloumiza, kwani palipokuwa na padri palikuwa na wino, na palipokuwa na kijiji kisicho na kituo cha misheni mtikisiko ulibaki katika kumbukumbu za wazee ambazo hakuna mtafiti aliyekwenda kuziuliza zingali hai.

Chini ya Tabora yenyewe kulibaki gizani hadi mwaka 1994, wakati timu iliyoongozwa na Andrew Nyblade wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilipotandaza vituo 20 vya vipimatetemeko nchini Tanzania, vingine vikiwa na majina ya Urambo na Puge katika Mkoa wa Tabora, vikaachwa visikilize hadi mwaka 1995. Hapo utulivu wa uwanda uligeuka kuwa chombo cha kazi. Mawimbi ya matetemeko ya mbali hupita kasi katika mwamba baridi na mgumu, na hukawia katika mwamba wenye joto. Kwa kupima nani alichelewa na nani aliwahi katika kila kituo, wataalamu walichora picha ya ndani ya dunia kwa mantiki ileile inayotumika hospitalini kuchora ndani ya mwili bila kupasua. Gamba la nje chini ya kratoni lilionekana kuwa na unene wa kati ya kilomita 37 na 42, na chini yake, katika mantili, yaani tabaka nene la mwamba lililo kati ya gamba na kiini cha dunia, mzizi wa baridi ulionekana kushuka hadi kilomita 200 au zaidi, ilhali chini ya mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa mwamba ulikuwa na joto jingi.

Picha hiyo ndiyo iliyowapa kazi wajenzi wa modeli za kihesabu. Modeli ya aina hii ni kipande cha dunia kinachojengwa ndani ya kompyuta kwa kukigawa katika visehemu vingi mno, kila kimoja kikipewa joto, uzito na ugumu wake, kisha milinganyo ya mwendo na joto ikakokotolewa hatua kwa hatua mpaka mamilioni ya miaka yapite. Mwaka 2015 Alexander Koptev, Evgenii Burov, Eric Calais na wenzao waliweka kiini kigumu mfano wa Kratoni ya Tanzania katika modeli, wakaruhusu nguzo moja ya mwamba wa moto ipande kutoka chini yake huku bara likivutwa taratibu. Nguzo iligonga mzizi, ikapotoka kuelekea ubavu mmoja, na mikono miwili ya ufa ikajitokeza yenyewe: upande mmoja wenye volkano nyingi, mwingine wenye chache na maziwa marefu. Mwaka 2020 Anne Glerum na wenzake wa Potsdam walieleza kwa njia ya namna hiyo kwa nini bamba dogo la Viktoria, yaani kipande cha tabaka gumu la nje la dunia kinachoibeba Tabora, huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, tofauti na mabamba makubwa jirani, kama ambavyo vituo vya setilaiti vilikuwa vimekwisha kuonyesha. Wao waliona chanzo chake katika mpangilio wa sehemu ngumu na sehemu dhaifu kando ya Bonde la Ufa. Uzuri wa majibu haya haupaswi kuficha somo la Bullard: modeli inayotoa umbo linalofanana na ramani imeonyesha njia iwezekanayo, na kuthibitisha kwamba ndiyo iliyopitwa ni kazi nyingine.

Kwa wajenzi wa nyumba, hesabu hushuka kutoka mamilioni ya miaka hadi umri wa nyumba. Ramani za hatari ya matetemeko, zikiwemo zile za Afrika ya Mashariki na Kusini zilizokamilishwa mwaka 1999, kwa kawaida hukadiria mtikisiko ambao una uwezekano wa asilimia 10 wa kupitwa katika miaka 50, na katika ramani za namna hiyo Rukwa na Tanganyika hung'ara huku Unyamwezi ukififia. Kufifia si kufutika, na athari hutegemea pia udongo na kuta. Udongo laini wa mbuga hukuza mtikisiko unaopita kwa upole katika mwamba ulio wazi, na nguvu inayoisukuma nyumba kando huongezeka kadiri uzito wake unavyoongezeka. Msonge wa Kinyamwezi, wenye ukuta wa mviringo, fito zilizofungwa na paa la nyasi, ulikuwa mwepesi na wenye kunyumbuka. Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo iliyoenea katika njia ya misafara, ilibeba uzito mkubwa juu, na usalama wake ulitegemea nguzo za miti zilizoshika paa hilo. Nyumba ya matofali ya siku hizi haina mnyumbuko wa msonge wala nguzo za tembe isipofungwa kwa mkanda wa zege juu ya kuta na nondo kwenye pembe, na Bukoba ililiona hilo tarehe 10 Septemba 2016, wakati tetemeko la ukubwa wa 5.9, lenye nguvu ndogo mara nyingi kuliko lile la 1910, lilipoua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Mafundi wa Ipuli hufyatua na kuchoma matofali ya namna hiyohiyo, kutoka katika udongo uleule uliotumika kujengea tembe.