Kuvundika Tangi

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyenunua tangi la lita 60 alinipigia simu akiwa na furaha. "Mjomba, tangi nimeshalizungusha siku tatu. Sasa si naweza kutia samaki?" Nikamuuliza amelizungushaje. "Pampu haijazimwa usiku wala mchana, maji hayatulii hata kidogo!" Hapo nikajua kosa si lake, ni la neno.

Wafugaji wa samaki wa maji chumvi wanaosema Kiingereza hulipitisha tangi jipya kwenye kile wanachokiita mzunguko, nasi tukachukua kama tulivyopewa: kuzungusha tangi. Mzunguko unaokusudiwa ni ule wa nitrojeni, wa vitabu vya biolojia, na huko shuleni neno limekaa mahali pake, kwa kuwa nitrojeni ya hewani huingia udongoni, ikapita kwa mmea na mnyama, mwishowe ikarudi hewani. Ndani ya tangi changa safari ni ya njia moja. Mabaki ya chakula na kinyesi huoza, yakatoa amonia. Vijidudu vya aina moja huitumia amonia na kuacha nitriti. Vya aina nyingine huitumia nitriti na kuacha nitrati. Hapo kwa kawaida safari hukwama, na nitrati unaitoa mwenyewe kwa ndoo, unapobadilisha maji. Duara liko wapi?

Mimi nasema tuseme kuvundika.

Aliyelelewa penye migomba hahitaji maelezo. Unakata mkungu ungali mbichi, unaufukia shimoni au unaufunika kwa majani makavu, kisha unauacha. Kazi inayofanyika humo gizani si yako, yako ni kutofunua mapema. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Unatia mchanga, mawe na maji yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo (chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, si ya jikoni), unaweka joto la nyuzi 25 au 26, kisha unatumbukiza kipande cha kamba mbichi wa sokoni na kumwacha aoze. Baada ya hapo unasubiri, mara nyingi wiki 4 hadi 6, ukipima maji kwa dawa ya matone. Amonia hupanda, ikashuka. Nitriti hupanda nyuma yake, nayo ikashuka. Siku ambayo amonia na nitriti zote zinasoma sifuri na nitrati inaonekana, tangi limeiva.

Sikio la Mswahili halikosi kusikia kuvunda ndani ya kuvundika, na nyuma yake uvundo. Wengine wataliona hilo kuwa dosari. Kwangu ndiyo sifa kubwa ya neno hili, maana bila kamba kuoza hakuna amonia, na bila amonia vijidudu havina cha kuanzia maisha. "Kukomaza", neno ambalo nililipima kwanza, linataja matokeo tu na kuuficha uozo. Tena -ika ya kuvundika isitudanganye: si ile ya kuvunjika na kukatika, bali ni ya kufunika, kuanika, kutundika. Unakiweka kitu katika hali fulani, unakiacha humo.

Nimeandika vijidudu, sikuandika bakteria, na kuna sababu. Mtafiti Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zürich karibu na mwaka 1890, alionyesha kuwa udongoni wamo bakteria wanaojipatia nguvu kwa kuunguza amonia na nitriti, na kwa zaidi ya miaka 100 ikadhaniwa kazi ya amonia ni ya bakteria peke yao. Mwaka 2005 watafiti wakatangaza kiumbe walichokitenga kutoka kwenye changarawe za tangi la maji chumvi la Seattle Aquarium, Marekani. Nacho kinaunguza amonia, lakini si bakteria, ni arkea, kundi jingine kabisa la vijidudu. Kikapewa jina Nitrosopumilus maritimus. Istilahi iliyowapa bakteria peke yao kazi hii ingekuwa imepitwa na wakati ndani ya tangi lile lile inalolielezea.

Mfano wa ndizi unafika mbali kuliko nilivyotazamia. Anayetaka mkungu uive haraka huchomeka tunda moja lililokwisha kuiva katikati ya mabichi, na gesi yake ya ethilini huyaamsha mengine. Mfugaji wa samaki naye huomba jiwe kutoka kwenye tangi kongwe la rafiki, likaja na vijidudu vyake. Sababu hazifanani, mkono ni ule ule. Jiwe hilo naliita jiwe la mbegu.

Haraka katika maji chumvi ina adhabu kali. Maji ya tangi la chumvi kwa kawaida hutunzwa kwenye pH ya 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokaa katika umbo lake la sumu, linalochoma matamvua. Nitriti, kinyume chake, haiwaumizi sana samaki wa baharini, kwa kuwa kloridi ya chumvi huizuia kupenya.

Muuza samaki mmoja nimemweleza haya akacheka: nani atanunua tangi la kuvundika? Labda yeye hataliuza kwa jina hilo. Lakini neno tayari limezaa watoto bila kuombwa, tangi bichi na tangi bivu, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Yule kijana alimtia kamba wake, mama yake akalalamikia harufu. Wiki ya tatu akaniandikia: "Mjomba, amonia sifuri, nitriti bado iko juu. Tangi bado bichi."